Siku za Shangazi Hawo

Kulamawe,
S.L.P. 317,
Isiolo.
14 Septemba 2025

Kaka yangu mpendwa Abdiladif,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba joto la Doha limeanza kukuonea huruma. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unalala sakafuni kwa sababu godoro mlilopewa linakuumiza. Mwambie msimamizi wenu, usijifanye ngamia. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baba yuko dukani kwake na spea zake, na bado anagombana na kila mteja. Mvua haijafika. Watu waliokuja kutoka Sericho wanasema huko hata mifugo imechoka kutembea.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Ni kwa sababu dada yako Habsa tunaishi naye, na nyumba hii unaijua, ukiongea chumbani unasikika hadi jikoni. Guled anasafiri kuja huko kesho, nimemwomba aitie barua hii kwenye begi lake. Habsa hajui kama ninakuandikia. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Jana Jumamosi tulikwenda kupanda mlima. Wazo lilikuwa la Gacheri, yule rafiki yetu Mmeru tuliyesoma naye, ambaye kwao ni kule juu kwenye baridi, karibu na msitu. Alituahidi maporomoko ya maji yatakayotusahaulisha vumbi la Isiolo. Tulikuwa wanne: Gacheri, Habsa, mimi, na mdogo wangu Ridwan aliyetupeleka na Probox ya baba hadi pale barabara inapoishia. Kutoka hapo ni miguu tu. Unanijua mimi, safari yangu ndefu ni kutoka nyumbani hadi sokoni, na hata hiyo nikipata bodaboda siikatai. Njia ilipanda katikati ya miti, ikapanda tena, halafu ikashuka bondeni mahali ambapo ilibidi tushike mizizi kwa mikono na kuteremka kinyumenyume. Gacheri alikwenda mbele akiimba. Mimi nilikuwa nyuma nikitubu.

Habsa ndiye aliyebeba begi la maji yetu. Alijitolea mwenyewe pale kwenye gari, nikamtania kwamba anataka thawabu za bure. Kila tulipopumzika alitugawia chupa, akalifunga begi, akasema yeye ameshakunywa. Sikutilia maanani. Mtu amebeba maji mgongoni, nani atamwuliza kama ana kiu?

Tulifika kama saa saba. Kaka, sikujua kuwa maji yanaweza kuwa mengi hivyo na yasiwe na mwenyewe. Yanaanguka kutoka juu kwenye mwamba, baridi yake inakufikia usoni kabla hujayakaribia. Ridwan alijitumbukiza na nguo zake. Sisi wawili tukasogea pembeni, nyuma ya mawe, tutawadhe tuswali adhuhuri.

Hapo ndipo nilipomwona. Wewe unajua jinsi mtu asiyefunga anavyosukutua, anajaza mashavu, anavuta maji puani hadi machozi yanamtoka. Habsa aliyagusisha maji mdomoni tu, akayatema, akatema tena, kisha akajifuta ulimi kwa ncha ya mtandio wake. Nikamwuliza kama amefunga. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza analipa siku gani, maana zake za Ramadhani tulizilipa pamoja, zikaisha. Ndipo akaniambia kwamba anazolipa ni za mama yenu.

Nakueleza kama alivyonieleza. Shangazi Hawo, Mungu amrehemu, hakufunga Ramadhani zake mbili za mwisho kwa ajili ya ile mashine ya figo. Lakini aliamini atapona, na kila jioni watu wakifuturu alisema akipona atazifunga zote. Hukuyasikia hayo, ulikuwa mbali. Habsa aliyasikia kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpangusa jasho. Baada ya mazishi alimwendea sheikh, akaambiwa anaweza kulisha maskini kwa kila siku iliyopita, na kwamba akipenda kumfungia yeye kama mtoto, hilo nalo linafaa. Akachagua kufunga. Tangu hapo anafunga karibu kila siku. Nyumbani anasema amekula kazini, kazini anasema amekula nyumbani. Na mimi, mjinga, niliona anakonda nikadhani ni majonzi.

Nilimwambia alishe maskini, aache kujitesa. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mama alisema atazifunga. Hakusema atazilisha."

Nikamwomba basi anigawie nusu, mimi ni mtoto wa kaka yake Shangazi, si mtu wa nje. Akatikisa kichwa. "Wewe uko na mama yako," akasema. "Huyu ni wangu na wa kaka yangu, abowe. Na abowe usimwambie, anafanya kazi kwa jua."

Kurudi ndiko kulikotumaliza. Bonde lile tuliloteremka sasa lilikuwa la kupanda, na jua lilikuwa limeingia katikati ya miti. Nilimnyang'anya begi nikalibeba mwenyewe, nikatembea nyuma yake, nikisikia maji yakitikisika mgongoni kwangu kila nilipoinua mguu. Sisi watu wa Isiolo hatuchukii maji, lakini jana niliyachukia. Nilitamani kumwita Gacheri, nikaogopa kumwaibisha Habsa. Nikawa nafuata tu.

Tulipokaribia kileleni alikaa chini katikati ya njia, polepole, kisha akalala ubavu. Midomo ilikuwa myeupe. Ridwan alipandisha simu juu kutafuta netiweki, hakuna. Nilimmwagia maji kichwani, akafumbua macho. Nilipompelekea chupa mdomoni akauma meno. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamkumbusha kuwa mgonjwa ameruhusiwa, mwisho nikalia kwa sauti kama mtoto. Mdomo haukufunguka. Nina chupa imejaa mkononi, dada yako anakauka mbele ya macho yangu, na sina la kufanya. Kaka, sijawahi kujiona mtu bure kama dakika zile.

Gacheri alikuwa amepiga magoti upande wa pili. Si wa dini yetu na hakuelewa yote, lakini alikuwa ameshasikia ya kutosha kutoka kwenye kelele zangu. Akamwinamia Habsa akasema, "Mama yako akiwa mgonjwa alifunga? Hakufunga. Sasa wewe unataka kumshinda mama?"

Habsa alimtazama. Kisha akafungua mdomo. Alikunywa huku machozi yanamtoka, na alipoweza kusema aliniambia mimi, si Gacheri: "Mmenivunjia siku ya mama."

Ridwan, ambaye nyumbani habebi hata sahani yake, alimbeba mgongoni hadi kwenye gari, tukiwa tumemfunga kwa mtandio wangu asiteleze. Hospitalini walimtundikia dripu, wakampima damu. Daktari alisema figo zake zimeanza kulalamika, apumzike, na asifunge mpaka zipimwe tena. Figo, Abdiladif. Nilipolisikia neno hilo niliketi kwenye benchi la wagonjwa.

Leo asubuhi amekunywa uji, kisha akaniambia Alhamisi anaanza tena. Sina uwezo naye. Nikimwambia baba, atapiga kelele na Habsa atazidi kujificha. Mama yangu atalia tu. Sheikh hawezi kulikataza jambo alilosema linafaa, na daktari Habsa anamwona kama mtu asiyejua mama yake alikuwa nani.

Sikuombi uje, wala sikuombi uache kazi. Mpigie simu kabla ya Alhamisi. Usimgombeze, wala usimwambie kwamba zinatosha, hatakusikia. Mwambie atii daktari, na kwamba siku zilizobaki unazichukua wewe, uzifunge moja moja joto la huko likishapungua. Ukimkasirikia mtu, nikasirikie mimi niliyevunja siri. Mimi alinikatalia kwa haki yake. Wewe hawezi kukukatalia, kwa sababu mama alikuwa wenu wawili, na Habsa amemfungia peke yake.

Nisalimie Shuriye mnayelala naye chumba kimoja. Baba, mama na Ridwan wanakusalimu, na Gacheri anauliza utaoa lini. Mungu amrehemu Shangazi, akulinde huko ugenini, na amwachie Habsa afya yake.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na niliyeishiwa na la kufanya,

Jawahir