Besi ya Mjomba Imetundikwa Dukani Harare

Shangazi, shikamoo. Nakusoma kila Jumatano tangu nikiwa shule na nimecheka sana shida za wenzangu, leo zamu imenifikia mimi, nami nakuomba jina langu ulifiche kwa sababu gazeti hili hapa kwetu Masvingo hupita mikono kumi kabla ya kufungiwa karanga.

Mimi napiga gitaa la besi katika bendi ya muziki wa sungura, na aliyenifundisha ni mjomba wangu Tafirenyika, kaka yake mama, aliyefariki mwaka jana wakati wa baridi, na wewe unajua mpwa na mjomba walivyo kwetu, alipokuwa hai nilikuwa namvua kofia mbele ya wageni naondoka nayo, nakula nyama kwenye sahani yake, naye anacheka tu, anawaambia watu, "Huyu mwizi dada yangu kanizalia bure." Hata besi yake nyekundu, yenye alama ya kuungua sigara pale kichwani karibu na funguo za kukazia nyuzi, nilikuwa naichukua bila kuomba. Alipozikwa vitu vyake vikafungiwa chumbani mwake mpaka siku ya kugawa, na kwa kuwa kwetu mpwa ndiye mgawaji wa mali ya mjomba, ufunguo nikapewa mimi.

Mwezi wa nne shingo ya besi yangu ikavunjika na sisi tuna harusi Jumamosi, nikafungua kile chumba, nikajiambia mjomba ni mjomba, angekuwepo ningeichukua vilevile, nikaichukua. Najua, Shangazi, kitu cha marehemu hakiguswi kabla ya kugawiwa, hata mtoto anajua. Harusini ililia vizuri hadi wazee wakasema Tafirenyika amerudi, maneno yale yakanitia baridi mgongoni, lakini sikuirudisha.

Kisha bendi ikaenda Harare siku nne, mchana tuko huru, na mimi nikitia mguu mjini siwezi kulipita duka la magitaa bila kuingia, hata kama sinunui nitashika, nitapiga, nitanusa ile mbao. Duka la tatu lilikuwa la mzee mmoja, Bwana Gwatidzo, juu ghorofani, ukuta mzima besi tupu, nikaingia nayo ya mjomba begani ili nilinganishe mlio. Mzee akaipokea, akaipiga kidogo, akautegea sikio mlio wake, akaniuliza, "Kijana, hii umeitoa wapi?" Nikasema ni yangu. Mpaka leo sijui ulimi wangu ulipatwa na nini. Akashusha besi mpya ya nyuzi tano, nyeusi, inang'aa, na mkoba wake, akasema, "Basi tubadilishane. Hii ya zamani ni ya wazee wenzangu, wewe bado una miaka ya kuruka jukwaani." Nikaijaribu, ule uzi wa tano ulitikisa kioo cha dirisha, nikasahau kila kitu. Tukabadilishana, nikashuka ngazi napiga mluzi.

Nilipofika nyumbani nikamkuta mke wa mjomba, mkazamjomba wangu, anakaanga karanga, na hakuniuliza habari za safari, aliniambia tu, "Siku ya kugawa, nguo na majembe gawa utakavyo, watu wagombane na wewe. Ila besi ni ya Ropa. Baba yake alilisema hilo hospitali, na mimi na mama yako tulikuwepo." Ropa ni binti yao, ana miaka kumi na saba, na ingawa nilimbeba mgongoni, kwa desturi yetu namwita mama mdogo. Alikuwa amekaa kizingitini na ubao alioupigilia misumari na nyuzi nne, anafanya mazoezi ya vidole, kwa sababu mwaka mzima huu hajaomba kuingia chumbani wala kuigusa ile besi, anangoja siku yake. Akanitazama, akasema, "Mpwa wangu, usije ukanigusia kitu changu. Mikono yako naijua." Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikausogeza mkoba wa besi nyuma yangu.

Wiki iliyofuata nikarudi Harare nimewadanganya naenda kumwona rafiki, nikafika chini ya zile ngazi na nyuzi tano mgongoni, na kabla sijapanda nikasikia juu mtu anaipiga ile ya mjomba, mlio wake hauchanganyiki na mwingine, nikakaa kwenye ngazi mpaka watu wakaanza kuniruka, nikaondoka. Badala ya kupanda nikazunguka maduka mengine yote, sita kwa siku mbili, natafuta nyekundu inayofanana nayo, naingia natazama ukutani natoka, mpaka muuzaji mmoja akaniuliza, "Kaka, unatafuta besi au mchumba?" La sita nikaipata, rangi ileile, umbo lilelile, nikamaliza akiba yangu kuinunua.

Sasa iko chini ya kitanda changu, Shangazi, na kila mchana nikiwa peke yangu naikwaruza kwa wembe pale mjomba alipokuwa akiegemeza mkono, na juzi nikawasha sigara, mimi nisiyevuta, nikaichoma pale kichwani. Alama ikatoka kama ya mjomba kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote, nikaitupa kitandani kama nimeshika nyoka. Tangu siku hiyo mkazamjomba akiniita jina tu nashtuka, mbwa akibweka nashtuka, chakula hakishuki, na kidole changu cha shahada kimekufa ganzi, nami nimesikia kwamba marehemu akikasirikia mali yake huanzia kwenye mkono ulioichukua. Zimebaki wiki tatu. Nitasimama uani mbele ya ukoo mzima, ninyanyue kitu kimoja kimoja kutoka mkekani na kutaja jina la anayepewa, na nikifika kwenye besi Ropa ataishika. Namwogopa mjomba, lakini naogopa zaidi vidole vya yule mtoto, vimekua juu ya shingo ya ile besi. Nijikaze niiweke hii ya bandia mkekani, au nikimbilie Afrika Kusini kabla ya siku hiyo?

Wako, Mpwa Asiyelala.

*

Mpwa Asiyelala, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilitamani nikupate karibu. Umeniuliza maswali mawili, na yote mawili ni ya namna ya kukimbia. Hukuniuliza hata mara moja besi itarudi vipi.

Tuanze na kidole. Mtu anayekwaruza mbao kwa wembe kila mchana atakufa ganzi vidole hata kama wajomba zake wote wako hai. Acha wembe. Kama marehemu ana neno na wewe, wakubwa wa ukoo watajua namna ya kumwomba radhi, lakini hawawezi kumwomba kwa kosa wasilolijua.

Usijifiche tena nyuma ya utani wa mpwa na mjomba. Ulimvua kofia akiwa ameivaa, na angetaka angekunyang'anya. Mle chumbani ulimofungua kwa ufunguo nani angekunyang'anya? Ulipewa ufunguo ili ulinde mlango, ukawa wewe ndiye wa kwanza kuufungua. Na binti wa miaka kumi na saba, ambaye kitu ni chake, amekaa na ubao wa misumari mwaka mzima akiiheshimu desturi uliyoivunja kwa ajili ya harusi moja. Kwa hilo naona haya kwa niaba yako.

Sasa nikuambie kilichonigusa. Mambo kama haya hupelekwa kwa shangazi wa nyumba. Shangazi wa nyumba ya Tafirenyika ni nani? Ni dada yake, yaani mama yako mzazi, uliyenaye hapo hapo Masvingo. Umemruka yeye ukaja kwangu, shangazi wa gazeti, kwa sababu mimi siwezi kukutazama usoni. Pole, mwanangu. Najua ni vigumu. Lakini nenda leo kabla chai haijapoa, mpe ufunguo mkononi, mweleze kama ulivyonieleza mimi, ukianza na harusi. Atalia, atakutukana, kisha atafunga kilemba chake na kuanza kazi. Yeye ndiye atakayewaambia mkazamjomba wako na Ropa, nawe ukae hapo hapo usikie.

Kesho yake pandeni basi la asubuhi, wewe, mama yako na Ropa, na hiyo nyuzi tano. Zile ngazi utazipanda wewe mbele. Mwambie mzee Gwatidzo kwamba ulimdanganya, besi haikuwa yako. Yeye alikuuliza umeitoa wapi, kwa hiyo sidhani kama atashangaa. Mwombe aishushe ukutani ampe Ropa aipige. Sijui moyo wa mzee yule, lakini aliyeutegea sikio mlio wake atamtambua mwenye besi. Kama ameshaiuza, aseme kwa nani, na mfunge safari ya pili. Kama haipatikani kabisa, wazee watakutoza mbuzi au zaidi ya mbuzi, nawe utatoa bila kubishana, na Ropa atachagua mwenyewe unachopaswa kumfanyia.

Afrika Kusini usiende. Huko pia kuna maduka ya besi.

Na siku ya kugawa, kama wazee bado watakuachia kazi hiyo, kitu cha kwanza kunyanyua kutoka mkekani kiwe ile besi uliyoichoma sigara. Inyanyue juu, wa nyuma nao waione, ueleze imetoka wapi, kisha utaje jina la aliyeichoma. Mimi jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Siku hiyo utalitaja wewe.