Mbegu za Pamba na Namba 8,388,607

Jumatatu, 9 Juni 2014. Songea kuna ukungu na baridi ya kuuma vidole. Mwezi huu natimiza miaka thelathini na minane tangu niondoke Mara.

Sijawahi kuandika jambo hili. Nalionea aibu.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya kijiji cha ujamaa, kati ya Butiama na Kiabakari. Ni mimi peke yangu niliyekuwa na diploma, na nilihakikisha hakuna anayesahau. Siku moja, ofisini mwa walimu, niliandika ubaoni 8,388,607. Nikawaeleza wenzangu kwamba ukizidisha mbili kwa mbili mpaka zitimie mbili ishirini na tatu, kisha ukatoa moja, unapata namba hiyo. Na kwa kuwa ishirini na tatu ni namba tasa, basi na hii kubwa ni tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Kati yao alikuwemo Mwalimu Nyangeta. Alikuwa binti wa mkulima wa pamba wa Bunda, ameishia darasa la saba, anajifunza ualimu akiwa kazini, kwa vipindi vya redio. Baada ya siku nne alikuja na kikopo cha mbegu za pamba kutoka shamba la shule. Alikuwa amejaribu kuigawa namba yangu kwa namba tasa moja baada ya nyingine, akafika arobaini na saba. Akaweka mbegu moja mezani, akazifanya mbili, nne, nane. Kila zilipozidi arobaini na saba, aliondoa arobaini na saba, akaendelea kuzidisha zilizobaki mara mbili. Alifanya hivyo mara ishirini na tatu.

Ikabaki mbegu moja.

"Si ndiyo ile moja uliyosema tuitoe, Mwalimu?" akauliza. "Basi hakuna kinachobaki. Arobaini na saba inaigawa."

Walimu wakacheka. Mmoja akaniuliza kama diploma yangu nayo ilitoka kwenye kikopo. Nikamwambia Nyangeta kwamba hisabati si mchezo wa bao, nikatoka.

Nyumbani niligawa kwa kalamu. Nikapata 178,481, bila baki.

Alikuwa sahihi.

Wiki iliyofuata ilikuja nafasi moja ya kumpeleka mwalimu chuoni. Mwalimu mkuu alimfikiria Nyangeta, akaniomba maoni kwa maandishi. Niliandika: "Hesabu zake ni za kubahatisha." Nilijua ninachoandika. Nafasi ikaenda kwa mwingine, na Nyangeta akaondolewa darasani, akapewa kusimamia shamba la pamba. Kabla mwaka haujaisha niliomba uhamisho wa mbali kuliko yote, nikaja huku.

Jana mwanafunzi wangu wa zamani wa kule Mara alinipigia simu. Shule imejenga chumba cha hisabati. Wanataka kukipa jina langu, niende kukifungua. Nikamuuliza habari za Nyangeta.

"Bibi Nyangeta yuko Musoma, anauzaga dagaa pale sokoni Mwigobero. Anakuulizaga, Mwalimu."

"Anauliza nini?"

"Kama ulishaigawa ile namba."

Nilimwambia magoti yananisumbua na safari ni ndefu. Kuhusu jina, nilisema wamtafute mtu mwingine, lakini sikusema nani. Swali la Nyangeta lilihitaji neno moja tu, ndiyo, nalo sikulitoa.

Magoti yangu ni mazima. Sitarudi Mara.