Kitambaa Chekundu cha Noah Yetu

Nkuhungu,
Dodoma.
9 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Abdulrazaki,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako naipokea hata kabla hujaitamka: marahaba. Hujambo? Kile kifua kimepoa, au bado unakohoa na kusema ni vumbi la Lubumbashi? Huku kwetu vumbi ndilo lenye nyumba, sisi wapangaji tu. Mama hajambo, ila miguu inamsumbua. Ulimi wake ni mzima kabisa. Leo asubuhi amenifokea kwamba chai yangu ni ya wagonjwa.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Nimempa Hasani, yule jirani yetu wa lori, akuletee mkononi, kwa sababu kwenye kundi la ukoo simuni kila mtu anasema na hakuna anayesikiliza. Kaka yetu Swalihu akikasirika anatuma sauti ndefu kama hotuba ya Ijumaa. Nimechoka kuzisikiliza.

Harusi ya binti yangu Sabiha iko palepale. Gauni limeshonwa likarudishwa kupunguzwa, maana bibi harusi hali, anajiona mnene. Utamcheka mwenyewe ukija.

Sasa nije kwenye jambo la gari. Najua Swalihu ameshakueleza kwa namna yake, na fomu ya madai ya bima itakufikia uisaini, kwa kuwa gari ni lako. Nakuomba usiisaini kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Bima umeilipa kila mwaka ukiwa hukohuko, hujachelewa hata mara moja, na sisi tukajiona tumekingwa na kila kitu. Tulichoacha ni ukaguzi. Stika iliisha kabla ya Ramadhani. Nilimwambia mdogo wetu Bushiri alipeleke gari kwa mkaguzi, akasema wiki ijayo, na wiki ijayo ya Bushiri unaijua.

Kilichompa jeuri ni kitambaa. Tangu uondoke, Noah yako imekuwa gari la misiba la mtaa mzima, Waislamu kwa Wakristo, na Mama hajawahi kumnyima mtu. Bushiri akifunga kitambaa chekundu cha msiba pale mbele, trafiki wanampungia mkono apite, kwani nani atasimamisha waliofiwa aanze kuwauliza habari za stika? Akazoea. Mwishowe akawa hakifungui tena, hata akienda sokoni. Sisi tulikiona kila siku kikipepea na tukacheka naye.

Siku ile alikwenda Kibakwe kuchukua maharage na vitunguu vya shughuli ya Sabiha. Anarudi, gari limejaa, kwenye mteremko breki zikawa hazishiki. Akamgonga mama mmoja pembeni mwa barabara, kisha gari likaishia kwenye jiwe. Bushiri alitoka na mchubuko tu. Yule mama, anaitwa Loisi, amevunjika paja, na wamemtia vyuma hapa hospitalini mjini. Mumewe Yoramu ni mkulima, na wana watoto wadogo. Mashamba ya kule vilimani yanalimwa kwa jembe la mkono, na huyo mama hatashika jembe msimu huu.

Nilikwenda mwenyewe kwa watu wa bima. Dada aliyenipokea alinieleza kwa upole. Stika kuisha, peke yake, haiui bima yetu. Ila mkaguzi aliyekuja baada ya ajali amekuta breki zimelika kabisa, na gari halikupelekwa kukaguliwa wakati ilipotakiwa. Kama ajali imetokana na breki, mkataba wetu unasema gari hawatalitengeneza, na watakachomlipa Loisi wanaweza kukugeukia wewe wakudai. Kama Loisi ndiye aliyejitia barabarani, hayo ni mengine.

Ndipo Swalihu akapata la kusema. Fomu ijazwe kwamba mama alikatiza ghafla. Anasema, nani ataamini kwamba mtu mzima aliona gari linakuja akasimama tu pembeni? Kundi zima likaitikia amina. Na wewe, mdogo wangu, uliandika, "Fanyeni litakalookoa gari." Niliyasoma maneno hayo yakaniuma, ingawa nakuelewa. Najua ulivyolitafuta gari lile kwa jasho.

Lakini Bushiri hakuitikia amina. Alikuja jikoni kwangu akaniambia, "Dada, yule mama hakukatiza. Alikuwa nje ya barabara kabisa. Ametua mzigo wake wa kuni chini, amesimama, ameinamisha kichwa. Mpaka leo sijui kwa nini hakukimbia."

Juzi Mama alisema lazima aende kumtazama mgonjwa, na miguu yake ile ile. Tukaenda watatu, mimi, yeye na Bushiri. Loisi ni mwanamke mdogo kuliko nilivyodhani. Alimwamkia Mama shikamoo, akajaribu kujiinua, tukamzuia. Na kabla hatujatoa pole yetu, yeye akatangulia. Akasema, "Poleni sana na msiba. Marehemu mlimzika salama?"

Abdulrazaki, hapo ndipo nilipoelewa. Alikiona kitambaa. Akatua kuni zake, akasimama pembeni kuipa maiti heshima yake ipite, kama alivyolelewa. Ndiyo maana hakukimbia.

Bushiri alitoka nje. Mama akamshika Loisi mkono, akamwambia, "Mwanangu, hatukuwa na msiba. Tulibeba vitunguu vya harusi."

Nilingoja atukane, na angetukana ningeona ni haki yake. Alimtazama Mama, akasema, "Kumbe hakuna aliyefariki. Bwana asifiwe. Nimelala hapa siku zote nikimwombea."

Jumatatu Bushiri anakwenda kwa watu wa bima kueleza jinsi ilivyokuwa, na Mama amesema atakwenda naye. Najua itakuangukia wewe uliye mbali na usiyekuwa na kosa, na naona vibaya kukuomba hivi. Lakini huyo ndiye mtu tunayetaka kuandika kwamba alijitia barabarani. Fomu ya Swalihu ikifika, iache bila jina lako.

Msalimie shemeji Rukia na wanangu wote huko, na umwambie kwamba kanga zake nimeziweka. Mama anakuombea kila baada ya swala. Swalihu pia anakusalimu, ingawa hajui kwamba nimeandika. Mwenyezi Mungu akulinde njiani na nyumbani, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mimi dada yako, nikupendaye na nikungojaye,

Zuleha