Mkanda wa Jumapili

Kasulu, 11 Februari 2026

Dada Maximilla,

Amahoro. Naomba barua hii ikukute uji unanyweka na damu imeanza kurudi mwilini. Mimi sina hata chafya. Msalimie shemeji Pasikali, na mama mkwe wako bibi Ndayikeza umsalimie mara mbili, maana mara moja huwa haimtoshi.

Usilie tena. Mtoto yupo. Leo siku ya tisa tangu wahamishie mimba yako kwenye tumbo la mashine, na moyo unapiga kama ngoma ya mkesha. Najua kwa sababu mimi ndiye msimamizi hapa kituoni. Sawa, kwenye karatasi wameandika "usafi na maji", lakini madaktari wanasoma vitabu, mimi nawasoma madaktari. Na niliishia kidato cha pili! Ningemaliza cha nne wangenikoma.

Ulipoondoka ulikuwa bado na usingizi wa dawa, hukumwona vizuri mama wa chuma. Sisi tunamwita Shangazi. Ana miguu miwili yenye nyayo za mpira, ana mikono laini, kichwa hana, ndiyo maana hana umbea. Tumboni kuna mfuko wa maji ya uvuguvugu, humo ndimo alimo mpwa wangu. Kazi ya Shangazi ni kutembea. Daktari Aline anasema mtoto asipotikiswa kama anavyotikiswa na mama yake, hakui.

Kwa hiyo nakutumia mkanda. Jifunge kiunoni siku nzima, unashika mwendo wako na sauti yako. Halafu mpe kondakta wa basi la Kasulu, nitaupokea stendi. Shangazi atavishwa, atatembea kama wewe na kuongea kama wewe. Kila wiki uje mmoja, urudi mmoja. Na barua tia humohumo, maana mtandao wa huko Murungu mnaukamata juu ya kichuguu.

Ni mimi mdogo wako,
Reverien, msimamizi


Murungu, 19 Februari 2026

Mdogo wangu Reverien,

Amahoro nawe. Sisi tunaendelea, kizunguzungu kimepungua. Pasikali anakusalimu, anauliza msimamizi gani anapiga deki.

Mkanda ndio huo. Nimeuvaa kama ulivyosema.

Mama mkwe hajakubali. Anasema yeye alimbeba Pasikali tumboni akikimbia vita, akavuka mto Malagarasi na mguu wa kushoto umevunjika, na hakuna mashine iliyompokea. Jana kaniuliza mbele ya wageni: "Huyo mtoto akizaliwa, nani atalala kwenye kiriri? Pombe ya ndizi tutaipelekea mashine?"

Walicheka. Mimi sikucheka. Unajua kwetu ilivyo. Mzazi analala kwenye kiriri, kitanda chake, siku zote za uzazi, majirani wanaingia na vyakula, wanamwona kitandani na mtoto, basi, huyo ndiye mama. Mimi nitalala vipi kwenye kitanda ambacho sikukiumia? Nimezika watatu, Reverien. Huyu wa nne naogopa atafika nyumbani kama mgeni, na mimi nimkaribishe kama mgeni.

Dada yako,
Maximilla


Kasulu, 4 Machi 2026

Dada,

Amahoro, na afya iwe kwako zaidi kuliko kwangu, maana mimi ninayo ya kugawa.

Leo sina utani mwingi. Kidogo tu. Mtoto hakui. Daktari Aline amepima mara tatu, ameguna mara tatu. Wakaangalia maji, wakaangalia damu, wakaangalia nyaya. Mimi nikaegemea ufagio, nikamwangalia Shangazi.

Dada, Shangazi anatembea hatua kumi, taratibu, kama amebeba sinia ya mayai. Halafu anakaa saa tatu. Anasema "amina". Anainuka, anasema "karibuni sana", anakaa tena. Nikajiuliza, huyu ndiye dada yangu? Yule aliyenikimbiza na mwiko tangu jikoni hadi njia ya mto kwa ajili ya kipande cha nyama?

Mkanda umeuvaa Jumapili! Na wa pili pia Jumapili! Naapa ulivaa na kile kitenge cha harusi.

Nilimwambia Daktari Aline, akasema, "Reverien, acha ufagio, kaa hapa." Niliketi kwenye kiti chake, dada. Kinazunguka.

Sasa sikiliza. Mtoto humpi mama, unampa mgeni wa kanisani. Uvae shambani. Lima, twanga muhogo, fukuza mbuzi, gombana na mama mkwe wako anayetembea kama bata. Fanya haraka.

Mdogo wako,
Reverien


Murungu, 12 Machi 2026

Reverien,

Amahoro. Nimepata barua, nikakaa chini.

Ni kweli. Niliposikia mkanda unakwenda kwa madaktari, niliona aibu wanione nimeinama, magoti yana tope, nahema. Kwetu mgeni anapewa kiti kizuri na nguo safi. Nilidhani ndiyo heshima.

Jumatatu nilijifunga, nikaenda kupanda maharage. Nimelima hadi mgongo ukaniita jina. Mama mkwe akauliza kwa nini najifunga mkanda kama askari. Nikamsomea barua yako yote. Yote, Reverien. Nilipofika kwenye bata alisema, "Soma tena hapo."

Dada yako,
Maximilla


Kasulu, 25 Machi 2026

Dada mkulima hodari,

Amahoro kwako, na kwa bibi Ndayikeza amahoro magunia mawili. Mwambie bata niliyemsema ni bata mzuri.

Sasa cheka. Tumemvisha Shangazi mkanda wa shambani. Akasimama katikati ya korido, akainama, akaanza kulima vigae! Ndoo yangu ikaruka. Akafika karibu na mlango, akapiga kelele kwa sauti yako: "Shh! Toka kwenye maharage!" Fundi wa mashine alitoka mbio, hadi leo anasema alikuwa anawahi simu.

Na mtoto, dada, akapiga teke. Nililiona kwenye kioo, kisigino kidogo kama punje ya karanga. Amepiga mateke mchana kutwa, na vipimo vinapanda. Ni msichana. Ana miguu ya kwetu.

Mjomba mtu,
Reverien


Kasulu, 22 Aprili 2026

Dada,

Uko salama? Wiki ya nne hii mkanda haujaja. Kondakta akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza. Shemeji simu yake haipatikani.

Mtoto ameuzoea mkanda wa zamani, hashtuki tena. Tangu juzi moyo wake unapiga polepole. Daktari Aline anasema tusubiri. Mimi si mtu wa kusubiri, unanijua. Jana niliuvaa mwenyewe, nikatembea siku nzima na ndoo, wakamvisha Shangazi. Mtoto hakusogea. Kumbe kuna kitu siwezi.

Andika neno moja tu.

Reverien


Kasulu, 3 Mei 2026

Dada,

Mkanda umefika bila barua.

Tulimvisha Shangazi. Akapiga hatua moja, mguu wa kushoto ukaburuta. Hatua ya pili, ukaburuta. Fundi akasema goti limeharibika, akachukua bisibisi amfungue. Nikasimama mbele ya Shangazi na ufagio wangu nikamwambia, "Ukimgusa, tutaonana." Mwendo ule naujua. Nimeucheka tangu harusi yako.

Halafu akaongea. Sauti ya kizee, pumzi fupi: "Tembea, mwana, tembea. Bado mto mmoja."

Mtoto alipiga teke, dada. Moja, halafu mengi. Moyo umerudi. Shangazi amechechemea korido nzima, kwenda na kurudi, na hakuna aliyecheka. Mimi niliinama kupiga deki mahali palipokuwa pakavu.

Mwambie bibi... Nimeandika na kufuta mara nne. Mwambie tu nimemwona.

Lakini wewe uko wapi?

Mdogo wako,
Reverien


Murungu, 14 Mei 2026

Mdogo wangu,

Amahoro. Nipo. Malaria kali ilinilaza hospitali Kibondo wiki zote hizo, Pasikali akawa ananiuguza. Nimerudi juzi, nimekuta mkanda wangu hauko msumarini na mama mkwe ana malengelenge miguuni. Amekuwa akienda shambani na kurudi, akishuka mtoni na kupanda, yeye ambaye kanisani anapelekwa kwa baiskeli. Kuandika hajui, ndiyo maana hukupata barua.

Nikamsomea ya kwako. Nikamuuliza, "Mama, sasa nani atalala kwenye kiriri?"

Akasema, "Wewe. Mimi nilimtembeza tu."

Kitanda ametandika mwenyewe, ndizi za pombe ameshafukia ardhini ziive. Anasema siku ikifika, yule mjomba anayejua habari za bata ndiye amlete. Na mkishuka stendi usipande bodaboda. Umbebe, uje kwa miguu, polepole, mtoto aitambue njia.

Dada yako, mama wa mtoto,
Maximilla