Sauti ya Mama Nyamisi Iko Upande wa Pili

Jumanne. Upepo wa ziwani toka alfajiri, na harufu ya dagaa wa Mwigobero imefika mpaka huku Kigera, ndani ya studio. Sijisikii vibaya wala vizuri. Naandika tu.

Kwa ambao hamjawahi kufika: studio yangu ina kompyuta moja yenye mifumo miwili. Ukiiwasha inakuuliza, Windows au Linux? Unachagua, basi. Kwaya nazirekodia Windows, maana programu yenye ule mwangwi mzito, eko kama wanavyoiita wanakwaya, iko huko. Matangazo nafanyia Linux, haigandigandi. Kazi zote zinakaa kwenye diski moja ambayo pande zote mbili zinaifungua. Sharti ni kwamba unafunga upande mmoja kabisa ndipo uingie mwingine.

Sasa huku kwetu nani anazimaga kompyuta? Umeme ukikatika unawahi kuilaza bila kuifunga, kabla betri haijaisha, ukirudi unaendelea ulipoishia. Ijumaa niliilaza Windows. Jumamosi nikaingia Linux kurekodi tangazo la muuza mbegu wa Bunda. Linux ikagoma kuandika kwenye diski, ikasema upande wa pili haujafungwa. Nikailazimisha. Nilikuwa na haraka.

Leo asubuhi nimeiamsha Windows. Imeamka ikidhani bado ni Ijumaa, ikaandika juu ya vitu vilivyoingia wakati imelala.

Wimbo wa kwaya ya Kisorya haufunguki.

Kopi ninazo, za nyimbo zilizokwisha. Huu haukuwa umekwisha.

Kiongozi wa sauti kwenye wimbo huo ni Mama Nyamisi. Tulimrekodi kabla hajapasuliwa koo, na tangu apasuliwe ananong'ona tu. Mwenyekiti wao, Mzee Magesa, alishanipigia: leo wanakuja kusikiliza, na kama sauti ya mama haijatoka vizuri, wimbo unarudiwa na binti mwingine. Binti ana sauti nzuri, sina neno naye.

Walifika mchana, mzee na mama. Niliwaamkia, nikawaambia ukweli kabla hawajakaa vizuri. Mzee Magesa alinipa pole. "Fundi, usijisumbue sana. Binti yupo." Mama Nyamisi alishika kanga yake pale shingoni.

Nikazima, nikawasha, nikachagua Linux. Sikuwa na tumaini lolote, nilitaka tu mikono iwe na kazi. Kumbe kilichokufa ni faili linalounganisha wimbo. Sauti zenyewe, jinsi kila maiki ilivyozipokea, zilikuwa zimekaa pale salama. Nikazipanga upya moja moja huku wakinisubiri. Yale mapambo yote ya Windows hayakuwepo. Hata eko haikuwepo.

Nikaupiga.

Ilianza sauti ya mama peke yake, kavu. Pumzi anazovuta zinasikika. Kwenye ubeti wa pili kuna jogoo wa jirani. Nimeufanyia kazi wimbo huu muda mrefu na sikuwahi kujua kwamba kabla ya kiitikio sauti yake inatetemeka kidogo, halafu anaikamata.

Mama Nyamisi alikuwa anaimba pamoja nayo. Midomo inakwenda, hakuna kinachotoka. Iliniuma. Nikaangalia skrini, kwa sababu yeye nilishindwa kumwangalia.

Ulipoisha, Mzee Magesa alikohoa. Akasema ni nzuri, ila niiwekee eko, imekuwa tupu mno. Nilikuwa nimeshashika mausi. Mama akanivuta shati, nikainama nimsikie.

"Iache, mwanangu. Mimi nilikuwaga naimba hivyo."

Mzee akasema basi, binti ataingia kwenye kiitikio na wenzake, mbele abaki mama. Nikauweka wimbo kwenye flashi, mama akaifunga kwenye pindo la kanga, wakaenda kuwahi gari la Bunda.

Baada ya hapo nimeizima kompyuta. Sikuilaza. Nimekaa mpaka feni ikanyamaza.

Kesho inakuja kwaya ya Butiama, na hao kwa eko ndio wenyewe. Nikiiwasha itaniuliza kama kawaida, Windows au Linux. Nitaijibu nini?