Mtumbwi Wako Bado Unasomeka Ziwani

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kukuandikia bila kukuamkia siwezi; ungenisema siku nzima.

Nakumbuka chumba chako cha Mkolani, na ile meza ya mguu mfupi tuliouwekea kipande cha tofali. Nilikuletea programu yangu ya kwanza ya mitumbwi, imejaa "kama" juu ya "kama": kama uko ziwani fanya hivi, kama umerudi fanya vile. Ukacheka mpaka chai ikakupalia. "Hii si programu, ni uji wenye mabonge." Ukanichorea viduara vitatu kwenye boksi la sabuni: Mwaloni, Ziwani, Umerudi, na mishale katikati. Kila hali, ukasema, iwe klasi yake, kijisehemu cha programu kinachojitegemea, iijue kazi yake na njia yake ya kutoka. Mtumbwi wenyewe usisumbuliwe na maswali, ubebe tu hali uliyo nayo. Sijawahi kuelewa kitu haraka namna ile.

Tukaipeleka nyumbani Nansio, kwa wavuvi wa mwalo wetu, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga. Mtu akirudi anabonyeza simu, na ujumbe unawafikia watu wake. Nikasema panahitajika hali ya nne, ya mtumbwi ambao haukurudi. Baba mdogo akakataa katakata.

"Binti, hilo haliandikwi. Ukiliandika unaliita."

Nawe ukanikonyeza: "Tuwaheshimu, mdogo wangu." Tukaliacha. Nami nilikubali, kwa hiyo sikulaumu peke yako.

Wiki ileile ukachukua mtumbwi wa baba mdogo, mchana kweupe, ukapime mtandao unaishia wapi. Upepo ukabadilika. Wamekutafuta siku tisa, hata kasia halikuonekana. Na programu yetu, kwa kuwa kutoka Ziwani ina mshale mmoja tu, wa kurudi, inasema mpaka leo kwamba uko ziwani.

Ukoo umeamua Jumamosi tuzike mgomba, kama tunavyowazikia wasiopatikana. Mama akagoma. Kila asubuhi alikuwa akiniomba simu yangu yenye ile programu, anatazama mtumbwi wako, ananirudishia.

"Nizike mgomba wakati mashine yenu inasema yuko ziwani?"

Mashine ni yangu.

Jana nikakaa kuiandika ile hali ya nne. Nikaiita Haujarudi. Mikono ikakataa kuiacha bila njia, nikaiwekea mshale wa kwenda Umerudi, huwezi kujua. Nikaujaribu. Kwa uzembe, au kwa tamaa, nikaujaribu kwenye mtumbwi wako badala ya ule wa majaribio. Simu ya Mama ikalia jikoni.

Alitoka na mwiko mkononi. "Amerudi! Leteni sweta lake!" Alishavaa kandambili, moja yake, moja yangu. Nikamshika mabega nikamwambia ni mimi, Mama, ni mimi nilikuwa najaribu. Hakunipiga. Ningeshukuru kama angenipiga. Alikaa kizingitini, akasema, "Mwambie baba yako mdogo aukate huo mgomba. Nawe uifunge mashine yako, isinidanganye tena."

Basi mwaka mzima nilijivuna kwamba najua kupanga hali za mitumbwi ya watu, na ya kwetu imenishinda. Nimeshindwa kukutafuta, nimeshindwa kumtuliza Mama, na hata lile neno moja la kumfariji nimelitoa kwa mashine, tena la uongo.

Nimeufuta mshale, Kaka, na mtumbwi wako nimeurudisha Ziwani. Haujarudi imebaki klasi tupu. Ukiiuliza njia ya kutoka, haina la kujibu. Zamani nikikwama nilikupigia, ukanitoa kabla chai haijapoa. Safari hii nimekwama kwenye kitu nilichokiandika sawasawa, bila kosa hata moja, na bado nimepiga namba yako mara tatu.

Jumamosi nitashika upande mmoja wa mgomba. Sweta lako Mama amelifua, amelianika.

Mdogo wako,
yule wa uji wenye mabonge.