Kipara Mlangoni

Jumatatu

Kinyozi hana makosa. Makosa ni ya hiki kichwa changu kizuri.

Ijumaa, kwenye darasa letu la uigizaji hapa Nyeri, tulianza kurekodi mchezo wa televisheni, mimi nikifungua mlango wa nyumba. Leo ilikuwa niingie ndani nimwambie baba wa kwenye mchezo nimeacha shule. Hiyo sehemu naijua hata bila kufundishwa! Lakini Jumamosi nilienda kunyolewa, ati nitokee smati kwa televisheni.

Mwalimu aliniangalia kichwa. "Wewe kijana, unafungua mlango ukiwa na nywele, unaingia ukiwa kipara?"

"Si nivae kofia, mwalimu?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Nafasi yangu akampa Muriithi, yule mimi humwita gogo kwa vile anavyoigiza, wakarekodi yote upya. Mimi nikaambiwa nishikilie mlango usipigwe na upepo. Na Muriithi akaweza, tena sana. Hapo ndipo niliumia.

Mama ameshatangazia kanisa lote Othaya kwamba nitatokea kwa televisheni. Jioni amenipapasa kichwa akicheka: "Sasa unafanana na mtu wa televisheni, kijana yangu."

Nikatabasamu. Leo hapo tu ndipo nimeigiza.